Povu la bia ya nyumbani si kosa la hamira

Bwana Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuseme neno na wale wanaopika bia nyumbani hapa Goma. Bia ikiharibika, wa kwanza kulaumiwa ni hamira: imelala, imepita tarehe, muuzaji ametuuzia ya mkate. Mara nyingi hamira haina kosa lolote. Kosa ni kufuata vipimo vya watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, hali sisi tuko mita 1,500 juu yake, na maji yetu yanatoka Ziwa Kivu au yanashuka kutoka mawingu yaliyopita juu ya volkeno ya Nyiragongo.

Tuanze jikoni. Hapa maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Ongeza makala kwenye mbabula mpaka sufuria icheze, hayatapanda zaidi ya hapo. Ukipika maharagwe unajua la kufanya: unangoja. Bia nayo inataka ungoje, kwa sababu mbili. Uchungu wa hopsi, yale maua yanayoipa bia ukali wake, hautoki kwa kulowana tu. Asidi iliyomo ndani yake lazima igeuzwe umbo na joto, na kwenye nyuzi 95 kazi hiyo huenda kwa kasi ya theluthi mbili hivi ukilinganisha na nyuzi 100. Kwa hiyo pale kitabu kinaposema chemsha hopsi dakika 60, sisi tuchemshe 90. Anayetaka kuokoa makala anaweza kuongeza hopsi badala ya muda, lakini hapo anakutana na sababu ya pili: kimea cheupe cha shayiri kikichemka huzaa harufu ya mahindi ya kuchemsha, na harufu hiyo haina njia ya kutoka isipokuwa kupaa na mvuke. Ukifunika sufuria, mvuke unagonga kifuniko na kurudi chini na harufu yake. Pika sufuria wazi saa moja na nusu. Anza na lita 27 ili zibaki 20 au 21, kisha poza upesi, maana harufu hiyo huendelea kuzaliwa wakati maji ya kimea yangali moto, ila mvuke wa kuibeba haupo tena.

Maji ndiyo yanayowachanganya wengi. Maji ya ziwa letu yana tabia ya magadi: pH yake, kipimo ambacho hushuka asidi ikizidi, juu ya ziwa ni karibu 9, na yamejaa baikaboneti. Kimea kikilowekwa kwenye nyuzi 66 kinataka pH kati ya 5.2 na 5.6. Ukikilowesha kwa maji ya ziwa matupu, vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari hufanya kazi kwa kulegea, na maganda ya nafaka huachia ule ukali unaokausha ulimi, kama chai iliyosahauliwa jikoni na majani yake. Mpishi anaonja, anasema hopsi zimezidi, mara ya pili anapunguza hopsi, na ukali uko palepale. Bia nyeusi hudhurika kidogo kuliko nyeupe, kwa kuwa kimea kilichokaangwa kina asidi yake. Ndiyo maana wapo wanaopata bia nyeusi nzuri kwa maji yaleyale yaliyowaharibia nyeupe.

Dawa ni kuchanganya na maji ya mvua, sehemu tatu za mvua kwa moja ya ziwa, halafu kurekebisha kwa asidi ya laktiki. Kwa asidi ya asilimia 88, tia mililita 1 kwenye mchanganyiko wa kimea, koroga, ngoja dakika 5, pima kwa karatasi ya pH, kisha ongeza nyingine ikibidi. Kwa pishi la lita 20 usipite mililita 6 au 7, la sivyo bia itaanza kuonja maziwa yaliyoganda. Ndimu inashusha pH pia, lakini inaacha ladha yake, na bia yenye ladha ya ndimu ambayo hukuikusudia ni aibu mbele ya wageni.

Mvua nayo ina mambo yake. Moshi wa volkeno unapopita juu ya paa, maji yanayoanguka huwa machachu na hubeba floridi, ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Kinyume chake, maji yakipungua sufuriani floridi inakolea. Acha mvua ya kwanza ioshe bati na ipotee, kinga ile ya baadaye, na siku ambazo mlima unafuka kuelekea kwenu usikinge ya kupikia kitu chochote.

Halafu klorini. Inatiwa kwenye maji kwa sababu ya kipindupindu na inapaswa kuendelea kutiwa. Lakini ikibaki ndani ya maji ya bia hukutana na vitu vya kimea na kuzaa ladha ya dawa ya kidonda, kali kiasi kwamba chembe kidogo mno inasikika mdomoni. Kidonge kimoja cha metabisulfiti, dawa inayoondoa klorini, chenye uzito wa nusu gramu hivi, kinatosha lita 75. Kwa pishi moja vunja nusu yake, koroga, ngoja dakika chache. Ladha hiyohiyo huja kwa mlango wa nyuma: bidoni (dumu) iliyooshwa kwa javeli, ile dawa ya klorini ya kuua vijidudu, na kusuuzwa haraka haraka. Vyombo vya plastiki vikioshwa kwa javeli visuuzwe kwa maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe kabisa. Kegi, yaani pipa la chuma la kuwekea bia, usiiloweke kwenye javeli hata siku moja, kwa kuwa javeli hutoboa vidoa vidogo hata kwenye chuma kisichoshika kutu. Na usichanganye javeli na asidi yoyote. Gesi inayotoka hapo inaunguza mapafu.

Kwenye kuchachua hatuna mengi ya kusema, kwa sababu hapa Goma hali ya hewa imetupendelea: nyuzi 18 hadi 20 ndani ya nyumba, bila mashine, ndizo hamira nyingi za bia zinazitaka. Paketi moja ya gramu 11 inatosha lita 20. Iamshe kwanza kwenye mililita 110 za maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, dakika 15, na usiimwage kwenye maji ya kimea yaliyo moto. Kama mapovu ya kwenye kizibo cha maji yamesimama siku ya tatu, usikimbilie kuongeza hamira; huenda kifuniko kinavuja na gesi inapita pembeni. Haidromita, kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki ndani ya bia, ndiyo itakayokuambia ukweli. Ikitoka 1.048 na kusimama kwenye 1.010 au 1.012 kwa siku tatu mfululizo, kazi imekwisha. Wapishi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hawana haja ya haya yote, na wasituonee wivu: kasiksi hunywewa ndani ya siku chache, bia ya shayiri inakaa wiki kadhaa, na kila kosa dogo hupata muda wa kukua.

Sasa kegi, ambako malalamiko ni mengi kuliko kwingine. Tunasema juu ya yale mapipa ya lita 19 yaliyokuwa ya soda, yenye kifuniko cha umbo la yai na vichwa viwili, kimoja cha gesi ya kaboni na kingine cha bia. Kitabu kinasema: bia ikiwa nyuzi 4, weka presha ya bar 0.75, ngoja wiki moja mpaka siku kumi. Ukifanya hivyo Goma, bia inatoka imelegea. Sababu ni kwamba saa ya presha haisomi presha yote; inasoma tofauti kati ya ndani ya kegi na hewa inayotuzunguka. Hewa ya pwani inakandamiza kwa bar 1.01, ya hapa ni 0.85 hivi. Bia haijui saa inasema nini, inajua jumla. Ongeza bar 0.15: weka 0.9. Asiye na mtungi wa gesi, anayetia sukari kwenye chupa, naye aongeze kidogo: pale ambapo pwani wangetia gramu 125 kwa lita 20, hapa ni 135, kwa kuwa baada ya kuchachuka gesi inayobaki ndani ya bia huku juu ni pungufu.

Ukishapandisha presha, mpira wa kupitishia bia nao lazima urefuke. Bia inatoka kwenye kegi na nguvu ya bar 0.9 na inapaswa kuipoteza yote kabla ya kufika kwenye glasi. Kinachoila nguvu hiyo ni msuguano ndani ya mpira. Mpira wa nusu mita au mita moja, tunaouona kwenye baa ndogo nyingi, hauli kitu, na glasi inajaa povu. Chukua mpira wenye tundu la milimita 5, anza na mita 3, uviringe juu ya kegi ndani ya frigo. Bia ikitoka polepole mno, kata sentimita 20, jaribu tena. Ukishakata huwezi kurefusha, basi usiwe na haraka na kisu. Robine, yaani bomba la kumiminia, ikiwa mita moja juu ya kegi, kile kimo peke yake kinakula bar 0.1 nyingine.

Wengi wakiona povu hupunguza presha. Siku ya kwanza inafanya kazi, na hapo ndipo wanapodanganyika. Baada ya siku mbili gesi iliyomo ndani ya bia inaanza kuitoka, inajikusanya kwenye mpira kama vipande vya hewa, na kila glasi inaanza kwa kukohoa povu. Presha waliyoishusha ndiyo iliyoharibu.

Ili kujua kosa liko wapi, mimina glasi tatu mfululizo, robine ikiwa wazi kabisa. Robine iliyofunguliwa nusu hutoa povu hata kama kila kitu kiko sawa. Glasi ya kwanza ikiwa povu na mbili zinazofuata zikiwa nzuri, robine au mpira una joto kuliko bia. Zote tatu zikiwa povu, gesi imezidi au mpira ni mfupi. Ukiona vipovu vinaanzia palepale mpira unaposhikana na kegi, ringi ndogo ya mpira chini ya kichwa cha bia imechoka na inavuta gesi. Ni kitu cha bei ndogo, badilisha. Na kama povu linakuja na vipande vyeupe au harufu ya siki, fungua robine uioshe, usiguse saa ya presha.

Umeme ukikatika, bia ikapanda kutoka nyuzi 4 mpaka 15, presha ndani ya kegi hupanda mpaka karibu bar 1.6. Mpira uliopimwa kwa 0.9 hauwezi kuibeba. Funga mtungi wa gesi, usiguse robine, weka bidoni ndogo za maji yaliyoganda pembeni ya kegi, ngoja ipoe. Kuuza bia hiyo ikiwa na joto ni kumwaga nusu ya kegi sakafuni.

Gesi ikiisha kabla ya wakati, kuna mahali inavuja. Saa ya mtungi haikusaidii hapo, maana gesi iko ndani kama kimiminika na saa inakaa palepale hadi kimiminika kiishe. Pima mtungi kwa mizani. Kabla ya kutia bia, funga kegi tupu, tia bar 2 ili kifuniko kikae vizuri, paka maji ya sabuni kwenye kifuniko, vichwa na viungo vyote, funga mtungi, soma saa, uirudie kesho yake. Ringi zipakwe grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwenye chakula, siyo vazelini, ambayo huzivimbisha. Bia ikishaingia, jaza gesi mpaka bar 1 na uiachie kwa kuvuta pete ya kifuniko, mara 6. Kila mara hewa inayobaki ni chini ya nusu ya iliyokuwapo. Mara ya sita inabaki asilimia moja hivi. Ukiruka hatua hiyo, baada ya wiki tatu bia inaonja katoni iliyolowa.

La mwisho linahusu uhai. Lita 20 za bia zikichachuka hutoa karibu gramu 750 za gesi ya kaboni, na hapa Goma hiyo ni lita 450 na zaidi. Ni gesi ileile ya mazuku, ile hewa ya kuua inayotoka ardhini kwenye volkeno, nzito kuliko hewa, inayolala chini. Bidoni tatu zinazochachuka kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, au mtungi unaovuja usiku humo, na mtoto analala kwenye godoro lililo sakafuni: hesabu hiyo kila mtu wa Goma anaijua. Chachusha kwenye chumba kisicholaliwa, chenye mlango wenye nafasi chini yake. Mtungi usimame wima, ufungwe kwa mnyororo ukutani, na valvu ifungwe kila usiku. Na mshumaa si kipimo. Mtu anaweza kuanguka wakati mshumaa bado unawaka.

Wako,
Wapishi wa bia wa nyumbani,
Himbi, Goma