Waandishi wetu na theluji ya Kilimanjaro

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, na ningeendelea kunyamaza lau usingechapisha ile taarifa ya washindi wa shindano la insha za mazingira, pamoja na dondoo za insha zenyewe. Karibu zote zinaanza na theluji ya Kilimanjaro ikimeremeta alfajiri, zinampitia tembo mmoja, kisha zinaishia kwenye maombolezo ya barafu inayoyeyuka. Binadamu hayumo, ila kama mharibifu.

Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, alikuwa na haki ya kuishangaa theluji hiyo mwaka 1848, na wataalamu wa Ulaya wakambishia kwamba haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Sisi tuliozaliwa chini yake tunashangaa nini, hasa ikizingatiwa kuwa mara nyingi mlima hushinda umejifunika mawingu? Maji tunayokunywa hutokana kwa sehemu kubwa na mvua na ukungu wa ukanda wa msitu, si na barafu ya kileleni, na kwa vizazi vingi yameteremshwa hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu, kwa mifongo, mifereji ya jadi iliyoanza kuchimbwa kabla Mjerumani hajaikanyaga ardhi hii. Kama kuna mahali ambapo mtu na mlima wameishi kwa kuelewana na kugombana, ni pale kwenye mfongo, na waandishi wetu hawajafika.

Mjukuu wangu alifika. Alipotakiwa shuleni kuandika insha juu ya uzuri wa asili, aliandika kuhusu zamu ya maji: mzee anavyoondoa kipande cha mgomba na udongo vilivyoziba mfongo, maji yanavyoingia kihambani yakisukuma mbele yake majani makavu na povu la rangi ya chai, sisimizi wanavyohama wamebeba mayai yao, na jirani wa chini anavyopaza sauti kuuliza zamu yake itafika lini. Nilifundisha Kiswahili hadi nilipostaafu, na naijua insha nzuri ninapoiona. Daftari lilirudi na wino mwekundu: “Umetoka nje ya mada. Mandhari iko wapi?” Alama za juu alipewa mtoto aliyeandika juu ya theluji ambayo hajawahi kuigusa, wala mwalimu wake hajawahi, na sentensi zake nilikwisha kuzisoma katika vipeperushi vya watalii.

Shule hiyohiyo, kwa taarifa yako, iliukata mringaringa mkubwa uliokuwa uani, ikasakafia kwa saruji ili wazazi wapate pa kuegesha magari, kisha ikamlipa fundi achore ukutani mlima wenye theluji na twiga wawili. Wazazi tulialikwa kuupigia makofi mchoro. Kivuli tukakitafuta chini ya turubai la kukodi.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika shindano lijalo kila mshiriki aambatishe barua ya wazee wa mfongo kuthibitisha kuwa amezibua tope kwa jembe walau Jumamosi moja, na kwamba kila neno “theluji” litozwe shilingi 500, fedha zinunue miche ya mringaringa. Kwa jinsi ninavyowafahamu waandishi wetu, itatubidi tutafute pia shamba la kuipandia.

Mwalimu mstaafu,
Old Moshi