Kwa nini mtoto anaandika "docta" na "teacha"

Fungua daftari la imla la mtoto wa darasa la tatu, utakuta makosa yanayofanana: docta, teacha, dolla. Huyo mtoto hajazembea. Ameandika alichosikia. Kwa Kiingereza, mwisho wa doctor, teacher na dollar hutamkwa sawasawa: sauti fupi, legevu, mdomo wazi kidogo, ulimi umetulia katikati. Wanaisimu huiita shwa na kuiandika ə. Kiswahili hakina sauti hiyo. Irabu zetu tano hutamkwa kamili, penye mkazo na pasipo mkazo, kwa hiyo mtoto akiisikia huichukulia kuwa a.

Tabu zaidi ni kwamba herufi yoyote ya irabu yaweza kuwakilisha shwa: a ya about, e ya seven, i ya pencil, o ya lemon, u ya circus. Hakuna kanuni moja ya kukariri. Tunaanza na mkazo.

Mpe mtoto vizibo vya soda na maharage. Kizibo ni silabi yenye mkazo, harage ni silabi isiyo na mkazo. Banana: harage, kizibo, harage. A zote tatu zimeandikwa sawa, ila ya katikati tu ndiyo inayosikika kamili. Kisha mpe tomato. Mpangilio ni uleule, lakini sasa muulize kuhusu kila harage: irabu yake imefifia au imebaki? O ya kwanza imefifia; ya mwisho imebaki o. Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani kila silabi isiyo na mkazo ina shwa. Y ya happy nayo haina mkazo, na bado si shwa.

Kosa kubwa hufanywa na sisi wakubwa: kumsomea mtoto neno polepole, ba, na, na. Ukilikata hivyo kila silabi inapata mkazo, na sauti unayotaka aisikie inatoweka. Litamke kwa mwendo wa kawaida ndani ya sentensi fupi: I ate a banana. Rudia mara tatu, ndipo apange.

Akishaisikia, afundishwe matamshi mawili: ya kusomea na ya kuandikia. Anapoandika ajisemee kimoyomoyo doc-tor, o ikiwa kamili, hata kama mdomoni hasemi hivyo. Kwa darasa la tano kwenda juu tunatumia maneno ya ukoo mmoja, maana mkazo ukihama irabu iliyofifia hujitokeza: o ya history inasikika waziwazi kwenye historical, a ya mwisho ya grammar kwenye grammatical. Mtoto akishajua hilo haandiki tena grammer.

Tafadhali msimkatize mtoto kila anapotamka doctor kwa lafudhi ya nyumbani. Anaeleweka vizuri tu. Tunachojenga hapa ni sikio na tahajia, na mtoto anayeogopa kufungua mdomo hujifunza taratibu zaidi.

Zoezi hili linamfaa mtoto anayesoma bila shida maneno kama cat na pen. Kabla ya hapo litamchanganya. Dakika 10 kwa siku na maneno 6 zinatosha. Anzeni na sofa, lemon, seven, about, police, elephant. Mkija kumwandikisha kwetu, leteni daftari lake la imla la muhula huu. Makosa yaliyomo ndiyo yatakayotuonyesha aanzie wapi.