Malalamiko kuhusu mashine ya HP 40 niliyouziwa kwa kazi ya mizigo

Kilindoni, Mafia,
Mkoa wa Pwani.

Meneja Mkuu,
Idara ya Injini za Boti,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MASHINE YA HP 40 ILIYOTANGAZWA KUWA "INAVUTA KULIKO ZOTE ZA DARAJA LAKE"

Nalalamikia mashine ya boti ya HP 40 (nguvu za farasi 40), ya stroki nne, ambayo ofisi yenu iliniuzia kwa maelezo kwamba inavuta mzigo kuliko mashine nyingine yoyote ya HP 40. Haivuti. Nimepiga simu mara nyingi, na kila simu imeishia kwa kijana wa mapokezi kuniambia kwamba fundi atanipigia. Fundi alipopiga hatimaye, majibu yake hayakuhusiana na tatizo langu. Sasa naliweka kwa maandishi, na nimeambatisha nakala ya risiti ya EFD, proforma, kipeperushi chenu na picha za vipimo nitakavyovieleza hapa chini.

Kabla sijatoa hata shilingi nilimweleza muuzaji wenu kazi yenyewe. Nina mashua ya mbao, urefu wake kwenye maji ni kama mita tisa, inayochukua mizigo Nyamisati kuileta Kilindoni: saruji, mabati, kreti za soda, wakati mwingine mbao. Mifuko sitini ya saruji peke yake ni tani tatu, hujaweka mabaharia wala madumu ya petroli. Nilimwambia pia kwamba kuingia Nyamisati ni kupita kwenye vijito vya delta ya Rufiji, na siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji yakitoka yanatoka kwa nguvu. Nilichotaka ni mashine itakayosukuma mashua nzito polepole bila kukata tamaa, mbio sina haja nazo. Muuzaji akasema nimefika penyewe. Kwenye proforma aliandika kwa mkono wake "kwa mashua ya mizigo". Maneno hayo yako kwenye nakala niliyoambatisha, tafadhali yasomeni kabla ya kuendelea.

Mashua ikiwa tupu, mashine yenu haina kasoro. Inawaka mara moja, haina kelele, haina moshi, na petroli inakunywa kidogo kuliko stroki mbili niliyokuwa nayo. Kwa hilo sina ugomvi nanyi. Lakini mashua ikishapakiwa, nikifungua mafuta mpaka mwisho, saa ya mizunguko inapanda hadi 3,500 kwa dakika na kugota hapo. Kitabu chenu cha maelekezo kinasema mashine hii ikiwa imefunguliwa yote ifanye kazi kati ya mizunguko 5,000 na 6,000. Kwa hiyo zile HP 40 nilizozilipia ziko ghorofani na mimi sina ngazi ya kuzifikia. Kwenye mizunguko 3,500 injini hii ya stroki nne haitoi HP 40, na fundi wenu anajua hivyo kuliko mimi. Juu ya hapo, injini inayoelemewa namna hiyo saa nzima inajichosha yenyewe.

Jirani yangu ana mashua inayolingana na yangu, na nyuma yake amefunga Yamaha Enduro ya 40, ya stroki mbili, silinda mbili, sisi (cc) 703 za ukubwa wa injini, ambayo si mpya hata kidogo. Kusi ikivuma anaelekeza omo, yaani pua ya mashua, kwenye mawimbi na kusonga mbele akiwa na mzigo uleule. Mimi na mashine yenu mpya nimelazimika kutia nanga kwenye mdomo wa mto kusubiri maji yajae, yeye akinipita. Mzigo niliobeba ulikuwa wa watu, na mwenye saruji hasikilizi habari za mizunguko kwa dakika.

Kwa kuwa mnaweza kusema jirani ana bahati au nahodha wake ni hodari, tulipima. Tuliazima mizani ya kuning'iniza ya kielektroniki, ile wanayopimia mizigo kwenye winchi. Tulichagua maji mafu, wakati maji yametulia, ili mkondo usitudanganye. Tukafunga kamba ndefu kwenye nguzo iliyosimama kwenye maji ya kina, mizani katikati ya kamba na tezi, yaani sehemu ya nyuma ya mashua, tukahakikisha maji yanayosukumwa na propela hayagongi chochote na kurudi. Mashua ilikuwa moja, yangu, mashine zikapachikwa kwa zamu. Enduro ya jirani ilituliza mizani karibu na kilo 310. Yenu ilisoma kama 220, na kila tuliporudia haikufika 230. Picha za kioo cha mizani mnazo.

Hilo ndilo ninaloliita kuvuta. Tagi za bandarini, zile boti za kuvuta meli, hazisifiwi kwa kasi. Husemwa zinavuta tani ngapi zikiwa zimefungwa. Kipeperushi chenu kinasema neno "inavuta" kwa herufi kubwa, kisha jedwali lililo chini yake halina kilo hata moja. Lina sekunde: boti ya faiba, nyepesi, watu wawili ndani, imetoka kusimama hadi kufika kasi fulani kwa muda gani, mashine yenu ikilinganishwa na za wapinzani wenu watatu. Jedwali hilo linaonyesha nani anawahi kuinua boti nyepesi ipande juu ya maji. Mashua yangu haipandi juu ya maji, haijatengenezwa kufanya hivyo. Mashua ya urefu ule inayokata maji inafika kama kilomita 13 kwa saa, na ukiongeza nguvu zaidi unaongeza wimbi tu. Isitoshe, jedwali halisemi kila mashine ilifungwa propela ya aina gani, na bila hilo kulinganisha mashine ni kazi bure.

Maana tatizo lote liko hapo, kwenye propela na gia. Propela iliyokuja na mashine yenu ina pichi 14, yaani kwa kila mzunguko ingesonga inchi 14 kama maji yangekuwa kitu kigumu. Gia iliyo kati ya injini na propela haifiki 2 kwa 1, yaani propela ikizunguka mara moja injini haijafikisha mizunguko miwili. Pigeni hesabu: kwenye mizunguko 5,500 propela hiyo inataka kwenda zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Hata kwenye 3,500 ninayoipata, inataka karibu kilomita 39, na mashua imepakiwa inakwenda tisa au kumi. Kinachobaki ni maji kuchafuliwa. Ni sawa na mtu anayepanda mlima na gunia la mkaa kwenye baiskeli iliyokwama gia nzito: miguu ina nguvu, ila haipati kuzunguka.

Wapinzani wenu wanalijua jambo hili na wanalishughulikia waziwazi. Suzuki DF40A nayo ni HP 40 ya stroki nne, lakini ina sisi 941 na gia ya 2.27, kwa hiyo inazungusha propela pana taratibu zaidi. Honda BF40 ina sisi 808 na gia ya karibu 2.1. Mercury wanauza HP 60 kwa giaboksi mbili tofauti, ya kawaida ya 1.83 na ile wanayoiita Command Thrust ya 2.33, na mteja anachagua kulingana na boti yake. Yamaha wana T9.9, mashine ndogo ya HP 9.9 yenye gia ya 2.92, iliyotengenezwa makusudi kusukuma vyombo vizito. Zote hizi hutoa nguvu zilizoandikwa kwenye kifuniko. Tofauti ni namna nguvu hiyo inavyofika kwenye maji. Kwa nguvu ileile, propela pana inayozunguka taratibu inavuta kuliko nyembamba inayozunguka kasi. Kiwango cha ISO 8665 kinapima nguvu kwenye shafti ya propela, na kwenye shafti hiyo huenda mashine yenu ni HP 40 kamili. Sijawahi kusema si kamili. Nasema mliniuzia mvuto ambao hamkuupima.

Sasa majibu ya fundi wenu. Alisema huenda mashua ina uchafu chini. Tulikuwa tumetoka kuitia kalafati na kuipaka deheni, na vipimo vya nguzoni havijali uchafu, mashua haitembei. Alisema petroli ya visiwani ina maji. Jirani ananunua petroli palepale. Alisema shafti huenda ni fupi, propela inakula hewa. Shafti ni ndefu, inchi 20, mliniuzia wenyewe, na mashua ikiwa na mzigo lile bamba la juu ya propela linazama vizuri. Akasema mashine bado haijazoea. Saa za kuizoesha zilizoandikwa kwenye kitabu zimekwisha zamani, na daftari la huduma ya kwanza limepigwa muhuri na karakana yenu.

Mwisho akasema propela haimo kwenye waranti, nikitaka ya pichi ndogo ninunue. Jibu hili ndilo lililonikera kuliko yote, kwa sababu ndani yake kuna kukiri kwamba propela mliyonipa si ya kazi niliyoieleza. Sidai kwamba propela imevunjika. Nadai kwamba mlipewa maelezo ya kazi, mkayaandika, kisha mkafunga propela ya boti ya mbio na kunipa ufunguo. Fundi anayefunga mashine nyuma ya mashua ya tani tatu na kuiruhusu iondoke bila kuijaribu ikiwa na mzigo na kusoma saa ya mizunguko hajamaliza kazi yake, hata kama bolti zote zimekaza.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi ya bidhaa na kutegemea utaalamu wake. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya 2003, inakataza kumpotosha mlaji, na ndiyo Tume ya Ushindani inayoisimamia. Sina hamu ya kwenda huko. Nina mizigo ya watu, na kila siku ninayoitumia kufuatilia mashine ni siku ambayo mashua imelala pwani. Lakini nikikosa jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitapeleka faili lote kama lilivyo.

Ninachotaka ni hiki. Leteni propela mbili au tatu za kujaribia, pana kadiri giaboksi itakavyoruhusu, za pichi kati ya 8 na 11, kwa gharama yenu. Tuifunge kila moja, mashua ikiwa imepakiwa, mpaka ipatikane inayoiruhusu injini kufika angalau mizunguko 5,000 mafuta yakiwa yamefunguliwa yote. Hiyo ikipatikana na mizani ikaonyesha mvuto usiopungua ule wa Enduro ya jirani, propela ibaki kwangu bila malipo na madai yangu juu ya mashine yatakuwa yamekwisha. Isipopatikana, kwa maana kwamba gia yenyewe ndiyo inayozuia, basi nibadilishieni mashine kwa ile yenye giaboksi ya kazi nzito. Kama chapa mnayoiwakilisha haina, nirudishieni fedha zangu nami niwarudishie mashine ikiwa na sanduku lake, tangi na kitabu.

Kuhusu kipeperushi, ondoeni neno "inavuta" au liandikieni kilo zake: mashine imefungwa nguzoni, propela ya kipimo gani, mizunguko mingapi. Wavuvi na wenye mashua wa Mafia, Kilwa na Rufiji wanaokisoma hawana boti za faiba za watu wawili, na wengi wao wananunua mashine kwa fedha za mkopo au za kuchangiana.

Mashine iko Kilindoni, bado imefungwa kwenye tezi. Siijaribu tena na mzigo mpaka fundi wenu afike. Aje siku za maji mafu, tarehe nitawapa mkipiga simu, na asisumbuke kubeba mizani kwa sababu ile tuliyoazima mwenyewe amekubali kutuachia kwa siku hiyo.

Wenu,

Mmiliki wa mashua,
Kilindoni, Mafia.

Viambatisho: risiti ya EFD, proforma, kipeperushi, picha za mizani, nakala ya daftari la huduma.