Tusingoje injini ife ndo tuifungue

Mhariri naomba nafasi kidogo, mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Shangani, Mtwara, na hili jambo linanikaa rohoni muda sasa.

Kuna nyambizi ya utafiti ya Wamarekani inaitwa Alvin, inabeba watu watatu, iko kazini tangu 1964. Umri wote huo! Nilivyosoma wanavyoitunza nilishika kichwa, kila baada ya miaka kama mitano wanaitoa majini wanaifungua YOTE mpaka inabaki fremu, valvu, oringi (vile vipete vya mpira vya kuzuia maji yasipenye), nyaya, mota, betri, kimoja kimoja kinakaguliwa, kilichochoka kinatupwa, hata lile tufe wanalokaa watu mwanzo lilikuwa la chuma sikuhizi ni titaniamu. Na hapo haijaharibika jamani. 2022 ndo ikapitishwa kushuka mita 6,500, presha ya huko ni kama mara 650 ya hii ya juu, sasa oringi ikiwa na ufa mwembamba kama unywele huko chini utamwita nani.

Sisi je? Fundi ukisema tubadilishe impela ya pampu ya maji ya kupoza injini, kimpira tu kile kinachosukuma maji, unajibiwa "kwani imekufa?" Bosi mmoja alinijibu hivyohivyo, kusi ya mwaka juzi injini ikachemka ikajam nje ya Msimbati, vijana wanne ndani, mmoja mtoto wa dadaangu, mkondo ukawapeleka kaskazini usiku kucha wakaja kuokotwa asubuhi upande wa Sudi midomo imepasuka kwa chumvi. Wapo hai, alhamdulillah. Kimpira chenyewe bei yake haifiki mafuta ya safari moja.

Hiyo Alvin nayo ilishapata ajali, 1968 nyaya za kuishushia zilikatika ikazama mfuniko uko wazi, watu waliwahi kutoka, mwaka uliofuata wakaiopoa wakaifungua upya ikarudi kazini. Ila ile nyambizi nyingine, Titan, iliyobonyea baharini 2023 na watu watano ndani haikuwa na cheti cha mkaguzi yeyote wa nje.

Kwahiyo wakaguzi wa vyombo nawaomba, mkija msihesabu maboya tu mkaondoka, muulizeni nahodha injini imefunguliwa lini na nani, na iwe imeandikwa kwenye daftari, tarehe na kilichobadilishwa. Mimi langu nimeshaanza, mwenye boti akija namfungulia ukurasa wake bure.

Fundi wa boti,
Shangani, Mtwara