Kadi za lesi: tukutane Jumamosi

Ndugu wanakikundi, salamu kwenu nyote. Jumamosi saa nane mchana, mahali petu pa kawaida, tutatengeneza kadi ndogo za sanaa za milimita 64 kwa 89, ambazo kwa desturi hubadilishanwa wala haziuzwi.

1. Kila mmoja aje na vipande vitatu vya karatasi ngumu vya kipimo hicho, pamoja na maua ya lesi ya mafundo yaliyokwisha kufumwa kwa uzi mwembamba.

2. Njooni na sindano, kwani nawasihi tuishikize lesi kwa vishono viwili vitatu badala ya gundi, ambayo huulowesha uzi na kuviziba vile vitanzi vidogo vya ukingoni vinavyoipa lesi uzuri wake.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi jioni.