Dereva anayesinzia hatibiwi kwa kidonge cha kukesha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa wenu wa barua kwamba kwa vile mabasi yanatembea tena usiku tangu 2023, basi serikali iruhusu madereva wa masafa marefu wapewe vile vidonge vya kuondoa usingizi ambavyo hata marubani wa jeshi la Marekani wamepewa, akavitaja kabisa kwa jina, modafinili. Nia yake nzuri sina ugomvi naye. Ila mi ni mfamasia, duka liko njia kuu ya kwenda Iringa mpaka Tunduma, na hao madereva anaowazungumzia ndio wateja wangu, wanapaki, wanashuka, wanaomba "dawa ya kukesha" utadhani wanaomba panadol, na wanafunzi wa chuo nao wakikaribia mitihani ya mwisho (UE) hivohivo. Nikikaa kimya watu wataamini kuna kidonge kipo mahali fulani kinazuia ajali na sisi tumekificha tu.

Tuanze na dawa yenyewe. Modafinili imetokea Ufaransa, na Marekani ilipitishwa mwishoni mwa 1998 kwa ajili ya ugonjwa mmoja tu, nakolepsia. Huu ni ugonjwa wa ubongo, sio uvivu na sio majini. Ndani ya ubongo kuna seli chache sana, kama 70,000 hivi, zinatoa kemikali inaitwa oreksini ambayo kazi yake kubwa ni kumweka mtu macho. Iligunduliwa 1998 na timu mbili tofauti karibu wakati mmoja, na kufikia 2000 walipochunguza bongo za marehemu waliokuwa na nakolepsia wakakuta seli hizo karibu zote hazipo, wengi wanaamini ni kinga ya mwili yenyewe iliyozishambulia.

Mgonjwa wa hivi anaweza kupanda kitandani saa tatu usiku kama watu wote na saa nne asubuhi kichwa kishaanguka juu ya dawati, anasinzia anakula, anasinzia anaongea. Wengine wakicheka sana magoti yanaisha nguvu wanadondoka huku akili iko wazi wanasikia kila kitu, na hapo ndipo mtaa mzima unasema kifafa. Usiku jinamizi linamkaba, anaona watu chumbani hawezi kunyanyua hata kidole. Mara nyingi unaanzia umri wa shule ya msingi au sekondari, kwa hiyo we piga hesabu viboko ambavyo mtoto wa namna hiyo ameshakula kwa kulala darasani. Chuo kikuu cha Stanford walikuwa wanafuga mbwa aina ya Doberman wenye ugonjwa huu wa kurithi, mbwa akiletewa chakula anachokipenda anafurahi mpaka anaanguka chini, na ni kwa mbwa hao 1999 walipata jeni inayohusika. Mi hiyo habari ya mbwa huwa nawaambia wazazi mana inawatoa haraka kwenye mawazo ya kurogwa, mbwa amerogwa na nani.

Kwa watu kama hao modafinili ina maana. Anameza asubuhi, kwa kawaida miligramu 200, mchana wake unakuwa mrefu kidogo. Hata hivyo haimrudishi akawa kama mimi na wewe, wengi inabidi wapange na usingizi mfupi mchana, na dawa yenyewe hairudishi seli zilizokufa. Nchi zilizopima zinakadiria kama mtu mmoja katika 2,000, sasa madereva wote wanaosinzia barabarani hawawezi kuwa na nakolepsia.

Ndugu yetu atasema mbona 2004 Marekani wakaongeza ruhusa kwa wanaofanya kazi shifti za usiku. Ni kweli. Lakini asome na utafiti uliochapishwa 2005 juu ya hao watu wa shifti. Walichukua wafanyakazi wa usiku zaidi ya 200, kundi moja likapewa modafinili, kundi lingine kidonge kitupu kisicho na dawa ndani, halafu usiku wakalazwa kitandani ipimwe wanachukua muda gani kusinzia. Kabla ya dawa walikuwa wanachukua kama dakika 2. Baada ya dawa, dakika 3.8! Mtu aliyeshiba usingizi kwa kawaida anapita dakika 10. Walipoulizwa habari za safari ya kurudi nyumbani asubuhi, waliomeza dawa asilimia 29 walisema wamepata ajali au wamekoswakoswa, wa kidonge kitupu asilimia 54. Kwa hiyo dawa ilisaidia, siwezi kukataa, ila hiyo 29 ni ya watu wanaoendesha kurudi kwao kulala, sasa weka basi la abiria 60 mteremko wa Kitonga saa tisa usiku uniambie kama umeridhika na hiyo hesabu. Halafu kuna jambo jingine linalonitisha zaidi, utafiti wa Wakanada wa 1997 uliona watu waliokeshwa wakipewa modafinili wanajiamini kupita uwezo walionao kwa wakati huo. Dereva anayejua amechoka atapaki, anayejiona yuko fiti hapaki. Ulaya wenyewe mwaka 2010 mamlaka yao ya dawa ilikaa ikaangalia faida na madhara ikapendekeza ibaki kwa nakolepsia peke yake, shifti na kukatika pumzi usingizini viondolewe.

Na hapo kwenye kukatika pumzi ndipo nataka tukae kidogo, mana naamini madereva wetu wengi wako humo bila kujua. Jamaa mnene, shingo nene, kazi ya kukaa, anakula usiku sana, anakoroma mpaka chumba cha pili wanamsikia, kisha ghafla kimya, sekunde 10, 20, wakati mwingine zaidi, halafu anashtuka anavuta hewa kwa nguvu kama aliyetolewa majini. Njia ya hewa kooni inajifunga akilala, oksijeni inashuka, ubongo unamwamsha apumue, na hii inaweza kujirudia mara 30 na zaidi kwa saa moja na yeye asubuhi hakumbuki hata mara moja. Anaamka kichwa kinauma, mchana macho mazito, presha haishuki hata umpe dawa tatu. Tafiti nyingi zimeonyesha dereva wa hivi asiyetibiwa hatari yake ya ajali ni mara mbili hivi au zaidi ya mwenzake. Huyu ukimpa modafinili mchana atafungua macho lakini usiku koo linajifunga vilevile, moyo unateseka vilevile, umezima kengele moto unaendelea. Hata pale Marekani walikoruhusu itumike kwa tatizo hili, maelekezo yanasema kwanza litibiwe koo, dawa ni kwa usingizi unaobaki baada ya hapo.

Tiba ya koo ipo tangu 1981, daktari wa Australia anaitwa Colin Sullivan alibuni mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa ili njia isijifunge. Bei yake kwa mtu wa kawaida huku kwetu ni kilio, sisemi uongo. Kupungua uzito kunasaidia wengi, kuacha pombe ya usiku kunasaidia, kulala ubavu badala ya chali kunawasaidia baadhi. Mwishoni mwa 2024 Marekani wamepitisha na sindano ya kupunguza uzito, tizepatidi, kwa wenye unene na tatizo hili la kiwango cha kati au kikubwa, nayo bei yake mtu asiulize.

Sababu nyingine zinachekesha kwa urahisi wake. Mtu anakuja ananilalamikia usingizi wa mchana, namuuliza unatumia dawa gani, anatoa mfukoni Piriton, dawa ya mzio inayoleta usingizi, anaimeza kila siku kwa mafua ya vumbi la barabarani! Kuna dawa za kifafa, za msongo wa mawazo, za maumivu, nyingi zinaleta usingizi na hakuna aliyemwambia. Kuna upungufu wa damu, kuna tezi ya shingo kufanya kazi kidogo. Na kuna malale jamani, tusisahau tuko Tanzania, mtu ametoka pori lenye mbung'o huko Tabora, Kigoma au Serengeti, ana homa zisizoisha, mchana analala usiku yuko macho, huyo ana vijidudu ambavyo vinaelekea kwenye ubongo au vimeshaingia na asipopata dawa ya malale atakufa. Muuza duka anayempa kidonge cha kukesha amemcheleweshea hospitali.

Sasa madhara. Modafinili inaumiza kichwa, inaleta kichefuchefu, wasiwasi, moyo kwenda mbio, na kwa wachache sana vipele vibaya vya kuchubuka ngozi ambavyo mtu akiviona aache dawa siku hiyohiyo akimbie hospitali. Inachukua saa 12 mpaka 15 nusu yake kutoka mwilini, kwa hiyo mwanafunzi anayemeza saa kumi jioni asinilaumu usiku akihesabu mabati. Lingine linalosahaulika kabisa ni kwamba inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango pamoja na vijiti vya mkononi, na ukiacha dawa athari hiyo inaendelea kama mwezi au miwili, wakati huohuo Canada ilitoa tahadhari 2019 na Uingereza 2020 kwamba mjamzito akiitumia mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro. Dada zangu wa vyuoni mnaouziana hizi kwenye magrupu ya WhatsApp, muuzaji aliwaambia hilo?

Zipo dawa nyingine, soliriamfetoli na pitolisanti zilipitishwa Marekani 2019, ya kwanza inaweza kupandisha presha, ya pili inafanya kazi kwa njia ya histamini, kemikali nyingine ya ubongo ya kumweka mtu macho, na haihesabiwi kama dawa ya kulevya. Ipo na sodiamu oksibeti kwa nakolepsia, ya ajabu kidogo mana inamezwa usiku, kwa ile aina ya zamani mgonjwa anaamka katikati ya usiku kumeza dozi ya pili, inamlaza usingizi mzito ndio mchana unakuwa mwepesi, haichanganywi na pombe hata tone na inalindwa vikali. Hizi sio za kuagiza kwa mtu anayekuja na begi kutoka nje. Kila moja ina mtu wake, na huyo mtu hajulikani bila kupimwa.

Wengine watasema basi tubaki na mirungi na vinywaji vya enaji. Mirungi kwa sheria yetu ni dawa ya kulevya na ikiisha mwilini dereva anazimika ghafla. Kahawa mi naiunga mkono, paki sehemu salama, kunywa kikombe kimoja, lala dakika 15 au 20, ukiamka kahawa ndio inaanza kazi. Hiyo imepimwa kwenye mitambo ya kuigiza udereva na inasaidia, ila ni ya kukufikisha kituo kinachofuata, sio Tunduma.

Ombi langu kwa wizara na watu wa usalama barabarani ni dogo. Kuna karatasi ya maswali manane ilitungwa Melbourne 1991, unajipa alama 0 mpaka 3 kila swali, una uwezekano gani wa kusinzia ukiwa unasoma, ukiangalia TV, ukiwa kwenye foleni gari limesimama, na kadhalika. Ukizidi 10 kati ya 24 unahitaji kuonana na daktari. Dereva anapopimwa macho kwa ajili ya leseni ajaze na hiyo, apimwe mzunguko wa shingo na presha. Najua atadanganya, kazi ni kazi. Ndio maana wamiliki wa mabasi nao wabanwe, dereva akikutwa na tatizo apewe muda wa kutibiwa na arudi kwenye usukani wake, vinginevyo hakuna atakayesema ukweli. Na bima zilipe kipimo cha usingizi, mana kwa sasa hicho sio kitu unakikuta kila hospitali ya mkoa.

Na nyie mnaolala chumba kimoja na hawa madereva, akianza kukoroma na kunyamaza mrekodini kwa simu dakika chache, mumpeleke kwa daktari na hiyo rekodi. Daktari akisikia hicho kimya hatahitaji dereva akiri chochote.

Mfamasia, Msamvu, Morogoro