Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: tunaomba hati ya taarifa siku 14 kabla ya saini

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima tunakuandikia hadharani, kwa kuwa barua za ofisini hazijajibiwa. Mwezi huu duka jingine la franchaizi, yaani linaloendeshwa kwa nembo ya mwingine kwa malipo, limefungwa Sinza. Friji zimechukuliwa na wadai, na aliyeweka mtaji hana pa kushtaki, maana mkataba unataka mgogoro uamuliwe nje ya nchi.

Tanzania haina sheria ya franchaizi. Tunaegemea Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Hakuna hata moja inayomlazimisha mwenye nembo kusema, kabla hajapokea fedha, ni maduka mangapi yamefungwa na kwa nini.

Tazama hesabu inavyommaliza mtu. Mrabaha, yaani malipo ya kutumia nembo, hutozwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Duka likiuza milioni 20 kwa mwezi, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani, takribani milioni 3.05 ni za TRA. Mkataba ukiandika "mauzo yote" bila kuitoa VAT, mrabaha wa asilimia 6 unakuwa 1,200,000 badala ya kama 1,017,000. Kila mwezi 183,000 zinatozwa juu ya fedha ya serikali! Mwenye nembo akiwa nje, mrabaha wake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15. Kipengele kimoja cha "alipwe kamili" kinamtwika mwenye duka kodi hiyo, naye hutoa karibu 1,412,000 ili 1,200,000 zifike. Hapo kodi ya frem ya miezi sita imeshalipwa, pengine na kilemba (fedha ya kupewa frem), na vifungashio na viungo lazima vitoke kwa mwenye nembo hata kama Kariakoo ni nafuu. Duka lina wateja kila siku na bado linakufa.

Wengine wanauziwa nembo isiyosajiliwa kabisa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, au iliyomaliza miaka 7 ya mwanzo bila kuhuishwa. Anayetaka tawi Unguja haambiwi kwamba usajili wa Bara haufiki huko. Kule msajili ni BPRA, wakala wa Zanzibar.

Afrika Kusini, kwa Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2008, mnunuzi hupewa hati ya taarifa angalau siku 14 kabla ya kusaini, na akishasaini ana siku 10 za kazi za kujitoa bila adhabu. MKUMBI, mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara, ulipoanza kutekelezwa Julai 2019 tuliahidiwa mengi. Tozo kadhaa zilifutwa, tunashukuru. Sisi bado tunasubiri.

Hatuombi ruzuku. Hata dhamana ya mikopo isubiri, kwa sababu mkopo juu ya mkataba mbovu ni deni la pili. Tunaomba hati hiyo tu: hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, maduka yaliyofunguliwa na yaliyofungwa, namba ya usajili wa nembo, kila ada na inakokotolewa juu ya nini, na namna ya kuwapata wenye maduka waliojitoa. Iwasilishwe BRELA, kwenye mfumo wake wa usajili mtandaoni, ORS, ambao tayari upo. Muswada ukichelewa, anza na kanuni.

Siku 14, Mheshimiwa, kabla ya saini na kabla ya fedha.

Wenye maduka ya franchaizi,
Dar es Salaam